Siku Mbili Njiani na Tangi la Mama Mkwe

Tangu turudi, kila ninayekutana naye kazini ananiuliza swali moja: "Mwenda, ni kweli mlifanyiwa matanga mkiwa hai?" Nimesimulia vipande vipande hadi nimechoka, na kila mtu ana toleo lake. Basi nimeamua kuandika yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, ili anayetaka asome.

Kwanza mjue tulikuwa tunaenda wapi na kwa nini. Mke wangu, Wawira, ni mzaliwa wa Kanja, kule Embu. Kutoka kwetu Kanyakine hadi kwao ni safari ya asubuhi moja tu, lakini mimi nilikuwa sijakanyaga kwa wakwe zangu kwa miaka sita. Mnaonifahamu mnajua miaka hiyo ilikuwaje. Karakana yangu ya kuchomelea vyuma ilifungwa, nikauza mashine, tukahama nyumba ya kupanga na kuhamia chumba kimoja nyuma ya jiko la mama yangu. Wawira alichuma majani chai ya watu. Mimi nililima mashamba ya watu. Kuna msimu tulikula viazi asubuhi na jioni, na mtoto wetu mkubwa, Kendi, akatuuliza kama siku hizi mchele umepigwa marufuku.

Mara ya mwisho kwenda Kanja ilikuwa mwanzo wa matatizo hayo. Wakati wa kuagana, baba mkwe, Mzee Njeru, alinishika mkono langoni akaniambia, "Jipange, urudi." Maneno mawili. Niliyabeba hadi nyumbani na kuyageuza kila upande, nikaelewa hivi: usirudi hapa mikono mitupu. Basi sikurudi. Wawira alikwenda na watoto alipopata nauli. Mimi kila mara nilikuwa na kisingizio.

Sasa huu ni mwaka wa pili nimeajiriwa kama fundi wa shule moja hapa Imenti Kusini. Mshahara unafika. Mwezi uliopita nikamwambia Wawira, "Tunaenda kwenu. Sote wanne. Na tunampelekea mama tangi la maji." Mama mkwe huchota maji mtoni, na magoti yake yamechoka. Wawira akasema, "Baba Kendi, sema tena."

Kanyakine hadi Gakoromone

Safari yetu ilianza kwa kwenda upande usiofaa. Embu iko kusini, lakini tangi lilinunuliwa Meru mjini, na lori la kulibeba lilikuwa linapakia ndizi katika soko la Gakoromone, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi tulielekea kaskazini. Nilikuwa na vyuma vya stendi ya tangi nilivyokata na kutoboa mwenyewe, nimevifunga kwa kamba kama kuni. Wawira alikuwa na kikapu cha majani chai, sukari na leso mpya ya mama yake. Kendi, ambaye ana miaka kumi na miwili, alibeba chupa ya chai. Mukami, wa miaka mitano, alijibeba mwenyewe, na alilalamika kwamba huo ndio mzigo mzito kuliko yote.

Mwenye lori alikuwa ameniambia kwenye simu, "Nitafute karibu na wauza viazi, uliza Mama Zainabu." Nilidhani Mama Zainabu ni mwenye mali na dereva ni mtu mwingine. Tulipofika nikamkuta mama wa makamo, amevaa buibui jeusi na viatu vya michezo, amelala chini ya lori anakaza nati.

"Dereva yuko wapi?" nikauliza.

"Unaongea naye," sauti ikatoka chini. "Nipe spana ya kumi na saba hapo karibu na mguu wako."

Nikampa. Akatoka, akajifuta mikono, akawasalimia watoto kwa majina aliyowauliza papo hapo, kisha akalitazama tangi langu. Lilikuwa jeusi, la lita elfu moja, na pale katikati ya mikungu ya ndizi lilionekana kama nyumba.

"Ndugu yangu, uliniambia una tangi dogo."

"Ni dogo. Kuna kubwa zaidi."

Alicheka hadi akashika mlango wa lori. Kufikia saa nne ndizi zilikuwa zimepangwa upya mara mbili. Wawira na Mukami wakaingia mbele pamoja na Mama Zainabu. Mimi na Kendi tukakaa nyuma, tumeegemea tangi, miguu juu ya magunia ya viazi.

Gakoromone hadi Chuka

Kama hamjawahi kupita barabara ile mkiwa nyuma ya lori lililo wazi, mmekosa. Inashuka mtoni, inapanda, inashuka tena. Kila mto una baridi yake. Kendi alinisimulia habari za shule ambazo nyumbani huwa hanisimulii: nani kahamishwa dawati, mwalimu gani hukohoa kabla ya kuchapa meza. Nikagundua kuwa nina binti mcheshi. Miaka ile ya shida nilikuwa nikiingia nyumbani nimekunja uso, naye alizoea kuninyamazia. Siku hiyo hapakuwa na pa kwenda, basi tukaongea.

Tulipokaribia Chuka, lori likaanza kutoa moshi mweupe mbele. Mama Zainabu akaegesha kando kwa utulivu, kama mtu anayeegesha mlangoni kwake. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Na mvua nayo ikasubiri tushuke ndipo ianze.

Ilikuwa mvua ya kweli. Mama Zainabu na Wawira walikuwa mbele, salama. Sisi tulioko nyuma tulikuwa tunatafuta pa kujificha, ndipo Kendi akasema, "Baba, si tuna nyumba?" Tukalilaza tangi ubavu, akaingia kupitia mdomo wake wa juu. Mukami alipoona hivyo kupitia kioo cha nyuma, alilia hadi mama yake akampitisha kwangu naye akaingia. Mimi sikuenea. Nilisimama kwenye mvua nikiwasikiliza wakiimba mle ndani, sauti zao zikivuma kama kwaya ya kanisa kubwa.

Tulivutwa na trekta ya msamaria mmoja hadi Chuka. Fundi alisema mpira wa aina hiyo utapatikana kesho. Mama mmoja anayepika chapati jirani na gereji alituangalia tulivyolowa, akasema, "Hawa watoto hawalali kwenye lori," na mambo yakaishia hapo. Alitupa chumba, akatupikia chapati na ndengu, akakataa malipo hadi Wawira alipomwachia nusu ya majani chai ya mama yake. Mama Zainabu alilala kwa jamaa zake karibu na msikiti. Wawira alimwandikia mama yake ujumbe kwamba tutafika kesho, kisha simu yake ikazima kwa sababu Mukami alikuwa ameitazamia katuni njia nzima.

Chuka: simu fupi

Asubuhi jua likatoka kana kwamba jana halikuhusika. Watoto walinywa chai haraka wakarudi kwenye tangi lao. Mimi niliketi juu ya gunia la viazi nikimtazama Wawira akicheka na yule mama wa chapati, nikajiambia, Mwenda, kuna watu walipoteza zaidi ya karakana. Mwanamke huyu angeweza kurudi kwao zamani na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki, akachuma chai mvuani, na jioni akawa anaingia akiuliza mimi nimeshindaje. Mimi! Sikuwahi kumwambia asante kwa hayo. Nilimwita nikamwambia pale pale, kando ya ndoo ya oili chafu. Akanijibu, "Haya, asante ya nini asubuhi yote hii, mpigie baba simu." Lakini macho yake yalikuwa yamebadilika.

Nikapiga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita kumpigia Mzee Njeru mimi mwenyewe. Mtandao ulikuwa unakatika, mashine ya gereji inanguruma, na simu yangu ilikuwa imebakisha chaji kidogo sana.

"Baba, ni Mwenda," nikapaza sauti. "Tuko Chuka na gari! Chuka! Watoto wako ndani ya tangi, hawataki kutoka!"

Nikamsikia akisema, "Nini? Wapi?" Simu ikazima.

"Amesemaje?" Wawira akauliza.

"Amefurahi," nikajibu. Sikuwa na hakika, lakini ndivyo nilivyotaka iwe.

Chuka hadi Kanja

Tuliondoka saa nne. Mama Zainabu alikuwa na ndizi za kushusha kwenye soko dogo la kando ya barabara kabla ya mto Thuci, akasema ni dakika kumi. Tulipoanza kushusha, mwanamke mmoja mzee, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, akaja akasimama mbele yangu.

"Niandike," akasema.

"Nikuandike wapi, mama?"

"Kwa tangi. Nimekuja na kitambulisho."

Kabla sijaeleza, nyuma yake wakaja wawili, kisha watano. Mtu mmoja alikuwa amesema kuna matangi yanagawiwa, na hili ndilo la maonyesho. Nikaanza kueleza kwamba ni la mama mkwe wangu. Mzee mmoja akauliza mama mkwe wangu ni mjumbe wa wapi. Nikasema si mjumbe, ni mama wa mke wangu. Akawageukia wenzake: "Mnaona? Wanapeana jamaa zao." Kelele zikapanda, watu wakajaa kutuzunguka, na Kendi akatoa kichwa kwenye tangi kuangalia kuna nini, jambo ambalo halikusaidia.

Ni Mama Zainabu aliyetuokoa. Alipanda juu ya ngazi ya lori, akavunja kichane kikubwa cha ndizi mbivu, akampa yule mama wa kwanza. "Mama, tangi limeisha. Ndizi zipo. Na huyu kijana anampelekea mkwe wake zawadi, si mmuombee?" Watu wakacheka. Yule mama alituombea kwelikweli, kwa Kimeru cha Chuka, maombi marefu, huku ameshika kitambulisho mkono mmoja na ndizi mkono mwingine.

Katikati ya maombi Mukami akasema, "Nimemwona guka," yaani babu yake. "Amepita na pikipiki." Mama yake akamwambia afumbe macho.

Baada ya mto, Mama Zainabu alisimama Runyenjes kuswali adhuhuri, nasi tukala mahindi ya kuchoma tukimngojea. Kadiri barabara ilivyopanda kuelekea Kanja, kahawa huku na chai kule, ndivyo nilivyosikia tena yale maneno mawili. Nilikuwa na tangi, nilikuwa na shati jipya, na bado nilijiona ninarudi mikono mitupu.

Kanja

Tulipokaribia lango la wakwe zangu tuliona viti. Viti vya plastiki vya kanisa, vimepangwa uwanjani. Kulikuwa na watu wengi, wanawake wamejifunga leso, na sauti za wimbo wa taratibu, ule wa kufariji.

Wawira alishika mkono wa Mama Zainabu. "Simamisha." Hata lori halijasimama vizuri, alishafungua mlango. Alikimbia akipiga kelele, "Baba! Baba yangu!" Alijua ni baba yake aliyefariki. Mimi pia nilijua. Niliruka kutoka nyuma nikajikwaa kwenye vyuma vyangu, na ninachokumbuka nikifikiri ni kwamba nimechelewa, nimechelewa kwa siku moja tu baada ya miaka sita.

Wimbo ukakatika. Mama mkwe akatoka mlangoni, akamwona binti yake anakuja mbio, akakaa chini kwenye nyasi.

"Wawira? Si mlianguka?"

"Tulianguka wapi? Baba ameenda wapi, mama? Baba!"

"Ameenda kuwatafuta! Mume wako alipiga simu. Alisema mmeanguka na gari, watoto wako ndani, hawatoki!"

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama langoni, nimeshika goti.

"Nilisema Chuka," nikasema. "Tuko *Chuka* na gari. Watoto wako ndani ya *tangi*."

Shemasi wa kanisa, mtu mzima mwenye tai, akatoa sauti kama ya mtu anayezuia kupiga chafya, na ule uwanja wote ukapasuka kwa kicheko na kilio kwa pamoja. Wanawake walimbeba Mukami wakampitisha kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Mama mkwe alinishika uso kwa mikono miwili, akaniita mjinga kwa Kiembu, kisha akamshukuru Mungu, kisha akaniita mjinga tena.

Lakini Mzee Njeru hakuwepo. Alikuwa amechukua blanketi na koti, akamwamsha jirani yao Nyaga mwenye pikipiki, wakaondoka. Simu yake aliiacha juu ya meza kwa haraka. Ya Nyaga ilikuwa haipatikani. Hakuna la kufanya ila kungoja, na mimi nisiyeweza kukaa nikaanza kuunga stendi. Tangi halikupita langoni. Shemasi alivua tai akakata ua la michongoma kwa panga, akisema hajawahi kutoka kwenye matanga akiwa na kazi ya furaha namna hii. Mama Zainabu, ambaye alikuwa na viazi vya kupeleka Embu mjini, alikataa kuondoka kabla ya kumwona mzee amerudi. Wanawake walioleta chakula cha msiba wakakigeuza kuwa cha karamu: mukimo (viazi vilivyopondwa na maharage meusi ya njahi), kuku, chapati, uji kwenye kibuyu.

Saa kumi na moja jioni tukasikia pikipiki.

Mzee Njeru alishuka polepole. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi na blanketi lilikuwa bado limekunjwa kwapani. Alisimama akatutazama mmoja mmoja: Mukami, Kendi, Wawira, mimi. Wawira alimwendea akamkumbatia, naye mzee akabaki amemshika binti yake huku ananitazama mimi juu ya bega lake.

"Nimepita hapo Thuci," akasema hatimaye. "Nikaona watu wamezunguka lori la ndizi. Nikadhani ni siasa."

"Ni sisi, Baba."

"Ni nyinyi." Akavuta pumzi. "Na hilo dude jeusi ni nini?"

"Tangi la maji. La mama." Kisha ikanitoka, mbele ya watu wote, sikujua nitaisema. "Uliniambia nijipange ndipo nirudi, Baba. Nimechukua muda mrefu. Nisamehe."

Alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu alichoweka mahali. "Mimi nilikwambia hivyo?"

"Hapo langoni. 'Jipange, urudi.'"

"Nilikwambia urudi!" akasema, na sauti yake ikapasuka. "Mwenda, nilikwambia *urudi*. Mtu akiwa na shida si ndiyo anakuja kwa watu wake? Mwaka wa kwanza nikangoja. Wa pili nikamwambia mama yenu, huyu ametudharau. Nimekukasirikia miaka yote hii, na wewe umekaa huko unajipanga!"

Mama mkwe akasema, "Hamjui kusikilizana nyinyi wawili, si kwa simu, si uso kwa uso." Hapo hata Mzee Njeru akacheka, akajipangusa macho kwa kona ya blanketi.

Tulikula uwanjani, kwenye viti vya msiba, jua likiwa bado halijazama. Mama Zainabu alikula kwa haraka, akawabusu watoto, akaondoka na viazi vyake huku Kendi akikimbia nyuma ya lori hadi barabarani. Mimi niliwekwa kando ya mzee. Wawira alikuwa ameketi kwenye nyasi, kichwa chake kwenye paja la mama yake kama msichana mdogo, na Mukami amelala juu yake. Miaka sita nilidhani ninamkinga na aibu. Kumbe nilikuwa nimejinyima jioni kama hii, ambayo haikuhitaji hata tangi.

Nyaga ndiye aliyekuwa anasimulia, mdomo umejaa mukimo. Alisema walisimama kwenye kila daraja mzee akachungulia chini. Waliuliza polisi. Waliingia hospitalini, wakaambiwa hakuna majeruhi wa ajali, mzee akakataa kuondoka.

"Nesi akamuuliza, 'Mzee, wewe ni nani wa huyo mgonjwa unayemtafuta?' Mimi nikajua atasema mkwe wangu. Unajua alisemaje? Alisema, 'Ni kijana wangu. Anaitwa Mwenda. Ni mrefu, ana mikono ya fundi. Angalia tena.' Nesi akaangalia. Akasema hayupo. Mzee akamwambia, 'Mama, ni mtoto wangu, angalia tena.' Mara tatu! Mpaka nesi naye—"

"Nyaga," Mzee Njeru akamkatiza, "kula, chakula kinapoa."

Kisha akachukua paja la kuku kwenye sinia akaliweka kwenye sahani yangu, ambayo tayari ilikuwa imejaa, na baada ya hilo bawa, na baada ya bawa kipande kingine, bila kunitazama, hadi mama mkwe akamwambia amwachie mtoto nafasi ya kupumua.